Noah ilinigonga njia ya Mikindani: kosa la nani, na nani analipa

Ajali ndogo ya gari huku kwetu Mtwara inahukumiwa na watu waliosimama pembeni kabla hata dereva hajazima injini. Nimeziona nyingi, za sokoni, za stendi, za njia ya Naliendele, na karibu zote zinaenda hivo hivo, mwenye gari kubwa ana kosa, mwenye gari ndogo au pikipiki anaonewa huruma, na kama mmoja wao ni mwanamke basi kesi imeisha, mwanamke ndo kakata kona hovyo. Alafu anatokea mtu mzima mmoja anasema malizaneni hapa hapa jamani, polisi mtapoteza muda, mtu anatoa elfu hamsini, wanaachana. Mimi yalinikuta mwaka jana msimu wa korosho na nayaandika kwa kirefu kwasababu natamani kila anayeshika usukani huku kusini ajue haya mambo, hasa hili, kwamba kosa lipo limeandikwa kwenye bati na kwenye lami kwa anayejua kuangalia, na kwamba aliyekugonga siyo lazima awe yeye ndo wa kukulipa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naendesha gari ndogo, IST. Siku hiyo mchana natoka upande wa Mnazi Mmoja ya Lindi narudi mjini, Mikindani nimeshaipita, nataka kuingia kulia njia ya vumbi kwa shangazi yangu. Mwanangu yuko siti ya nyuma kafunga mkanda. Nikawasha indiketa ya kulia, nikapunguza, mbele linakuja lori la makaa ya mawe linarudi tupu kufuata mzigo mwingine, nikalisubiri lipite. Nyuma yangu kuna bodaboda naye kapunguza. Lori likapita, nikaangalia kioo, kweupe, nikaanza kukata. Tairi la mbele la kulia limeshavuka mstari wa kati ndo nikasikia honi na kishindo kwa wakati mmoja. Noah ya abiria iliyokuwa nyuma ya bodaboda ilichomoka kutuovateki sote wawili kwa mpigo, mimi na bodaboda, ikanipiga kwenye mlango wa mbele na fenda ya kulia, ikaenda kusimama mbele huko pembeni.

Kitu cha kwanza ni watu. Mwanangu kichwa kiligonga kioo, analia, nikamwangalia macho, nikamuuliza jina la mwalimu wake akanijibu, hajatapika, nikamtoa nikamkalisha kivulini na mama mmoja muuza maembe. Kwenye Noah hakuna aliyeumia ila bibi mmoja alilalamika bega. Nikawasha taa za hazadi, nikatoa ile pembetatu nikaiweka nyuma huko mbali kidogo mana malori ya saruji na makaa njia ile hayana simile.

Nilivyorudi pale kesi imeshaamuliwa. Abiria wa Noah wameshuka wote na wana haraka ya kufika, na abiria mwenye haraka siku zote yuko upande wa dereva wake. "Mama umekata kona ghafla sana!" "Hajawasha indiketa huyu, mimi nilikuwa mbele nimeona!" Yule dereva mwenyewe kijana kabisa alikuwa ananyamaza, kashika kichwa. Sikubishana. Na hapa nasema kwa kusisitiza, usibishane pale barabarani, na usiseme "nisamehe" wala "nitalipa", hata kama roho inakusukuma kutuliza watu, kwasababu kwenye karatasi za bima nyingi kuna sharti kabisa kwamba usikubali kosa wala kuahidi malipo bila wao kujua, na neno ulilolitoa kwa hasira au kwa huruma linakuja kusomwa baadae kama maelezo yako.

Nilichofanya ni kutoa chaki. Mwalimu hakosi chaki kwenye pochi. Nikapiga magoti kwenye lami ya moto nikachora kuzunguka matairi yote manne ya gari yangu, kila tairi mstari mbele na nyuma na ubavuni, alafu nikaenda kwenye Noah nikafanya hivo hivo, watu wananiangalia tu. Nikapiga picha kwanza kwa mbali zioneshe barabara nzima, mstari wa kati, ile njia ya vumbi na magari yote mawili, ndo nikasogea karibu. Watu wengi wanapiga picha ya bampa tu, bampa iliyovunjika unaiona vizuri sana lakini hujui gari ilikuwa wapi. Gari zikishasogezwa ile ramani haipo tena, na zitasogezwa tu mana foleni inajaa dakika chache, kwahiyo chaki, jiwe, kipande cha tofali, chochote kinachochora, chora.

Chini pale kulikuwa na kitu ambacho nisingekijua kama siyo mzee mmoja jirani yetu aliyeendesha malori miaka mingi, aliwahi kunieleza zamani. Gari ikigongwa, tope kavu lililoganda ndani ya fenda linadondoka pale pale lilipogongwa. Vioo vya taa vinaweza kurukia mbali lakini lile tope linaanguka chini yake. Tope langu lilikuwa rundo dogo, jekundu, upande wa kulia wa mstari wa kati, usawa wa mdomo wa ile njia ya vumbi. Maana yake wakati napigwa mimi nilishakuwa nimeanza kuingia, na yeye alikuwa upande wa magari yanayotoka mbele, kwenye makutano. Nikaweka kipande cha chaki pembeni yake nikapiga picha, watu wanauliza huyu mama anapiga picha udongo wa nini.

Alafu bati. Hili naomba lieleweke vizuri mana ndo ubishi wa kila siku kati ya anayekata kulia na anayeovateki. Anayekata kulia ana wajibu wa kuwasha indiketa mapema na kuangalia kioo, hilo halina mjadala, na kama gari nyingine imeshafika ubavuni kwake akaiingilia basi kosa ni la kwake. Sasa utajuaje? Angalia nani kapigwa wapi. Kama mimi ndo niliyemwingilia, kona ya bampa yangu ya mbele ingekuwa imevunjika na Noah ingekuwa na mbonyeo katikati ya ubavu, kwenye mlango wa abiria. Ilikuwa kinyume chake, Noah imevunjika kona ya mbele kushoto, taa na bampa, ubavu wake mzima hauna hata mkwaruzo, na mimi nimebonyea mlangoni mikwaruzo ikaenda mbele kwenye fenda mpaka kwenye tairi. Mikwaruzo inaanza kina kirefu kwa nyuma inaishia myembamba kwa mbele, yani kilichonikwaruza kilitoka nyuma kwa kasi kuliko yangu. Na sheria ya usalama barabarani, ile ya mwaka 1973, haina kigugumizi kwenye kuovateki kwenye makutano, hairuhusiwi, kama isivyoruhusiwa kwenye kona na kwenye kivuko cha pundamilia.

Yule wa bodaboda alikuwa anataka kuondoka. Nikamfata nikamwambia kaka yangu nisaidie, wewe uliona nini. Akasema "Madam mimi nilikuona umewasha ndo mana nikakanyaga breki, huyu wa Noah kanipita hapa ubavuni karibu anigonge na mimi." Huo ndo ushahidi, aliyepunguza kwasababu aliona indiketa. Nikachukua namba yake ya simu na ya pikipiki, nikamuomba arudie maneno hayo hayo simu ikiwa inarekodi, akarudia, akaenda zake. Shahidi asiye ndugu wala abiria wa mtu ana uzito kuliko kumi walioshuka kwenye gari moja, mkimbilie kabla hajapata kichwa, yani abiria.

Nikampigia simu trafiki. Tukiwa tunasubiri yule kijana akanisogelea, sauti imebadilika. "Dada mkubwa naomba tuyamalize. Mimi hii gari siyo yangu, na hata siyo dereva wake, mimi ni deiwaka tu, namshikia kwa siku, mwenyewe anaumwa. Nina mtoto mchanga nyumbani. Nikupe laki na nusu uniache." Alikuwa anatetemeka kweli na mimi roho iliniuma, sidanganyi. Lakini laki na nusu ingetoka mfukoni kwake wakati kwenye kioo cha ile Noah kuna stika ya bima. Nikamwambia mdogo wangu, hii gari ina bima ya thedi pati, mwenye gari ameshalipia hela ili siku kama hii wewe usiuze kitanda, kwanini ulipe wewe? Akasema akienda polisi bosi atamfukuza. Nikamwambia tusipoenda polisi bima hawatatoa hata mia, wanataka ripoti ya polisi, sasa kati ya mimi na wewe nani atabaki na mzigo?

Nilimuelewa sana, na bado naamini ile ndo ilikuwa huruma ya kweli kwake. Kuna mwenzangu anafundisha Lindi aligongwa kwa nyuma maeneo ya Mingoyo, akapewa elfu themanini pale pale wakaandikiana kwenye karatasi ya daftari kwamba "wamemalizana na hawadaiani tena". Bampa lilionekana limepasuka tu. Fundi alipolitoa akakuta chuma cha ndani kimekunjika na buti halifungi sawasawa, gharama ikaruka mara nyingi ya ile hela, na karatasi ameshasaini. Kwahiyo kama ni lazima muandikiane, labda ni jirani, ni ndugu, andikeni kiasi kilichotolewa leo na kwamba salio litajulikana fundi akishafungua gari, muweke namba za gari, namba za leseni, mashahidi wawili na sahihi, na mfanye hivo mkiwa polisi au kwa mtendaji wa mtaa.

Trafiki wakaja, afande mmoja akapima kwa futi, akachora ramani, akaangalia chaki zangu akasema aliyechora hapa kafanya la maana. Gari zikasogezwa. Tukaenda kituoni kuandika maelezo. Kwenye maelezo andika ulichokiona na ulichokifanya, basi. Mimi sikuandika Noah ilikuwa mwendo kasi mana sikuiona kabla, niliandika niliwasha indiketa, nilipunguza, nilisubiri lori, niliangalia kioo, nilianza kukata, niligongwa mlango wa kulia. Ukiandika usichokiona, wakikushika hapo hata ulichokiona hakitaaminiwa. Na usome mpaka mwisho kabla ya kusaini hata kama mwandishi amechoka na wewe umechoka.

Pale pale nikaomba PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa, kwa ajili ya mtoto, na yule bibi wa bega naye akapewa yake, tukaenda hospitali ya Ligula. Mtoto alikuwa salama wakaniambia nimuangalie usiku. Ichukue PF3 hata kama unajiona mzima, mana maumivu ya shingo na mgongo yanakuja kesho yake asubuhi, na bila ile karatasi unaanza kuulizwa uliumia lini na wapi.

Nilipiga picha pia leseni ya yule kijana mbele na nyuma, kadi ya gari na stika ya bima. Leseni niliangalia daraja, gari ya abiria inataka mojawapo ya madaraja ya C, angekuwa hana ningejua mapema kwamba kwa bima kutakuwa na mvutano. Na stika sikuiamini kwa macho, niliingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, wale wanaosimamia kampuni za bima, kwa simu, bima ikaonekana iko hai na jina la kampuni lipo. Hii kila mtu anaweza, ni suala la dakika mbili na bando, na inakuokoa na stika za kughushi.

Yule kijana alikubali kosa akaandikiwa notifikesheni ya faini, sh 30,000, akalipa kwa kontroo namba. Na hapo ndo nikakutana na jambo ambalo naona watu wengi sana huku hawalijui. Nilimpigia mwenye Noah, yuko Masasi. Shikamoo mzee, marahaba, nikamweleza taratibu. Akaniambia kwa ukali, "Mwalimu, dereva ameshalipa elfu thelathini, unataka nini tena? Unataka tulipe mara mbili?" Nikamwambia mzee wangu, ile elfu thelathini ni faini ya serikali kwa kuvunja sheria ya barabara, mimi sijapata hata shilingi, gari yangu bado imebonyea hapa uani. Hakuelewa siku hiyo. Nikampa muda, nikampigia tena jioni nyingine, safari hii sikuongea habari ya kosa kabisa, nikamwambia sihitaji hela yako mzee, nahitaji uiarifu kampuni yako ya bima na unisainie fomu yao kwamba gari yako ilihusika. Hapo akalegea. "Kumbe hunidai mimi?" Alidhani namvamia mfukoni. Tangu siku hiyo alinipa ushirikiano mzuri mpaka mwisho, na yule kijana hakufukuzwa.

Gari yangu mimi nina thedi pati ya sh 118,000, siyo bima kubwa, na hii iko hivi, thedi pati yako inamlipa utakayemgonga wewe, haikutengenezei gari yako. Ukigongwa unadai kwenye thedi pati ya aliyekugonga. Wapo wanaokimbilia kampuni yao wenyewe wakiambiwa hapana wanadhani wametapeliwa. Ungekuwa na bima kubwa ungetengenezewa na kampuni yako alafu wao wakahangaike na mwenzako huko.

Kampuni ya bima waliomba ripoti ya polisi, ramani ya tukio, kopi ya ile notifikesheni, leseni zote mbili, kadi za gari na makadirio ya gereji. Wakamtuma asesa, mtu wao wa kukagua gari iliyogongwa. Kabla asesa hajaiona gari usiiguse, hata kama fundi anakuambia tuanze kunyoosha. Mimi asesa alipoondoka ndo nikamwambia fundi atoe tairi na fenda tu aone ndani, na alipotoa akakuta tai rodi, kile chuma kinachounganisha usukani na tairi, imepinda, kidogo tu, ukiiwekea rula ndo unaona. Akaiweka juu ya meza ya gereji akaizungusha kwa vidole, ikawa inachezacheza badala ya kuzunguka sawa. "Hii ungetembea nayo mama ingekula matairi yako yote, au siku moja ukiwa Mingoyo huko ikuachie." Nikapiga video.

Spea zilitoka Dar kwa parseli ya basi, fenda na taa za mtumba, tai rodi mpya, hapa mjini zilikuwepo ila bei mbali. Kumbuka kuomba risiti yenye jina la duka, karatasi ya mkono bila muhuri wanaikataa.

Baada ya wiki kadhaa za kupiga simu nikaitwa kusaini karatasi ya kumaliza madai. Hiyo karatasi ukishaisaini umefunga mlango, kwahiyo nilikaa pale kwenye kiti nikaisoma mstari kwa mstari yule dada wa kaunta ananisubiri. Fenda ipo, taa ipo, kunyoosha mlango ipo, rangi ipo. Tai rodi na wili alaimenti, yani kunyoosha matairi yaelekee sawa, havipo. Nikauliza, wakasema asesa hakuviona, na kweli picha zake alipiga tairi likiwa limefungwa. Nikatoa video ya fundi. Wakaniambia niache wapitie, nikaondoka bila kusaini. Waliniita tena vikiwa vimeongezwa, nikasaini, hela ikaingia benki. Wangekataa ningeenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi ipo kwa mujibu wa sheria ya bima ya 2009, na nilishaandaa karatasi zote kwenye bahasha.

Kitu kimoja hawakulipa na mpaka leo naona siyo sawa. Kipindi chote gari iko gereji nilikuwa napanda bajaji asubuhi na jioni na mtoto, nikaiweka kwenye madai na stakabadhi za mkono, wakaikata wakasema haina uthibitisho. Kwangu ilikuwa ni nauli, nikaiacha. Lakini nimeongea na dereva teksi mmoja wa hapa mjini, gari yake ililala gereji karibu mwezi baada ya kugongwa na pick up, na hakuidai kabisa ile hela ya siku alizokosa kazi kwasababu hakuna aliyemwambia kwamba hata kuidai inawezekana. Kama gari ndo kazi yako, bajaji, teksi, hais, iandike kwenye barua yako ya kwanza kabisa kwa bima, weka daftari la hesabu za kila siku za kabla ya ajali, barua ya gereji inayoonesha gari imeingia lini na imetoka lini, na mihuri yote. Wakikata, wakate kwa maandishi, ili uwe na cha kumpelekea Msuluhishi.